Miguu ya Meza Yenye Kucha

Asubuhi ile Rifaat alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya kukereza mbao, glasi ya chai kaitua juu ya rundo la vumbi la mbao, akinyoosha mhimili. Ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Upande mmoja kuna mataya ya chuma yanayoibana mbao na kuizungusha. Upande wa pili kuna mkia, wenye ncha inayoichoma mbao katikati isiyumbe. Mataya na mkia visipotazamana sawasawa, mguu wa meza hutoka mnene huku, mwembamba kule, na katika Dimyat, mji ambamo hata muuza samaki anajua kukikagua kiti, hakuna atakayeugusa. Rifaat alibana fito la chuma lililonyooka, akaitembeza saa ya kupimia juu yake, akalegeza bolti za mkia, akaugonga taratibu kwa nyundo ya mbao, akatia kipande cha bati jembamba chini, akakaza. Mshale wa saa ukatulia. Akanywa chai yake.

Kisha akafunga mbao, kompyuta ikausoma mchoro, na mguu wa kwanza ukatoka na vidole vitatu.

Vilikuwa chini kabisa, pale mchoro ulipotaka kucha za simba zishike tufe. Vilikuwa vya mkono wa kulia: cha shahada, cha kati na cha pete. Mguu wote ulikuwa mbao. Vidole vilikuwa nyama. Cha kati kilikuwa na kovu la patasi, na Rifaat alilijua kovu hilo kwa sababu alikuwapo siku patasi ilipoteleza. Vilikuwa vidole vya Shehata, mume wa dada yake Nagat.

Aliupeleka mguu kwa Haji Mitwalli, mwenye karakana. Haji alivibonyeza vidole kama mtu anayechagua tende sokoni.

"Mkia umehama," alisema. "Kanyooshe tena."

Shehata ndiye aliyekuwa akiiendesha mashine ile kabla ya Rifaat. Wakati wa baridi mkia ulilegea, mbao ikawa inapiga kelele, akaomba aizime ili aunyooshe. "Usizime!" Haji alimfokea kutoka mlangoni. "Mzigo unaondoka leo. Ushike kwa mkono tu, au wewe ni bwana harusi?" Shehata aliushika kwa mkono. Mataya yakakamata kwanza mkono wa sweta, kisha mkono wenyewe. Afisa wa kazi alipokuja kuuliza, Haji alimwambia kijana alikuwa akichezea simu. Afisa akamgeukia Rifaat, aliyekuwa amesimama hatua chache tu siku ile. Rifaat akasema, "Ndiyo. Simu." Kesho yake akapewa mashine.

Tangu hapo Shehata halipwi fidia yoyote, maana ajali ilikuwa ya kujitakia. Kidole gumba na cha mwisho vilivyobaki haviwezi kumega mkate, na kula kwa mkono wa kushoto hataki. Kwa hiyo Nagat humega, huchovya kwenye maharagwe, humtia mumewe mdomoni, na watoto hutazama ukutani. Rifaat hula kwao kila Ijumaa.

Alinyoosha mhimili upya. Mguu wa pili ulitoka na vidole, na wa tatu. Akafikiri labda auharibu mhimili kwa makusudi, akausogeza mkia pembeni kidogo. Safari hii vidole vilitoka vimepinda, vifundo vimevimba, vikijikunja na kujikunjua kama vya mtu anayeumwa na jino. Rifaat alikwenda nyuma ya karakana akatapika chai yote. Akarudi, akaunyoosha mkia.

Mafundi wa kupaka rangi walilalamika. Vidole vilitoa jasho, vanishi ikawa haikauki. Kucha zilikua, vumbi likajaa chini yake, likaweka ukoko mweusi. Zaghlul, mpaka rangi mkuu, alitundika kofia yake kwenye kimoja wakati wa kula jibini.

"Huyu shemeji yako, Rifaat, hata akiwa kwao anatunyooshea kidole!"

Wakacheka wote. Rifaat alicheka pia, kisha akahisi mdomo wake unanuka.

Haji alikuwa karibu kuitupa miguu yote kwenye tanuri la mwoka mikate, ndipo akaja Bibi Gihan, mwenye duka la samani Kairo. Aliinama, akatia mkono wake katika vile vidole, navyo vikaufumbata kidogo.

"Ya moto!" alisema. "Haji, hii miguu ni ya moto! Majumba ya huko kwetu baridi inaingia mpaka mifupani. Nitengenezee meza zote hivi. Ila kucha zipakwe rangi. Nyekundu kali, siyo ile ya bibi vizee."

Haji akampigia Rifaat kelele kutoka upande wa pili wa karakana: "Ole wako uuguse huo mkia!"

Kwa kuwa kucha zilitaka mtu wa kuzikata, Haji alimwajiri Nagat. Alisema ni huruma. Nagat alikuja na mkasi wake wa nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akaupakata mguu wa meza, akavichukua vidole mkononi kama alivyokuwa akivichukua kila Alhamisi jioni. Alikata, akafuta ukoko kwa ncha ya mkasi, akapaka rangi, akapuliza. Vipande vya kucha viliangukia vumbini.

"Kaka," alisema bila kuinua kichwa.

"Naam, dada."

"Shehata hana simu. Ile yake ilikufa mwaka juzi, na unajua. Ni wewe uliyeipeleka kwa fundi ikashindikana."

Rifaat alisimama na saa ya kupimia mkononi.

"Najua," alisema.

"Basi mimi nilitaka tu nisikie kama unajua." Akavuta mguu mwingine.

Siku hiyo hiyo mchana Rifaat alifunga mguu mmoja kwa taulo, akapanda nao baiskeli mpaka ofisi ya afisa wa kazi. Aliuweka mezani, akaufunua. Vidole vikaigonga meza taratibu, kama mtu anayengoja zamu yake.

"Hivi ni vya Shehata," Rifaat alisema. "Hakukuwa na simu. Haji alimkataza kuzima. Mimi nilisema uongo."

Afisa alivitazama, akavisalimia kwa kuvishika, kama desturi. Kisha akapangusa kiganja chake kwenye suruali.

"Fundi, ulisema simu. Nikapiga muhuri kwenye simu. Sasa unataka nipige muhuri juu ya muhuri?"

"Vidole ndivyo hivi, bwana. Ndio mashahidi wenyewe."

"Vidole havina mdomo." Afisa alikuwa bado ameinama, anaupapasa ule mguu, anatazama jinsi ulivyochongwa. "Kazi safi, wallahi. Umenyooka kama safu ya sala. Hebu niambie, binti yangu anaolewa baada ya mfungo. Haji anaweza kunipa seti ya chumba cha kulia? Mwambie asisahau tulivyoelewana."

Rifaat aliufunga mguu kwenye taulo. Njiani alisimama karibu na mto, akanawa mikono kwa mchanga mpaka ngozi ikachubuka. Harufu ya jasho la vile vidole haikutoka. Aliporudi, Haji hakumwuliza alikotoka. Afisa alikuwa ameshapiga simu. Haji alimwambia tu kwamba mashine inamngoja na kwamba meza za Kairo zinapakiwa kabla ya adhuhuri ya kesho.

Kesho yake Shehata ndiye aliyepakia. Haji alikuwa amempa kazi ya upagazi, na msikitini watu walimsifu kwamba hakumtupa. Meza zilitoka moja moja, kucha zinang'aa wekundu, na Shehata akazibeba begani mpaka kwenye lori. Ya mwisho, alipotaka kuiachia, mguu wake mmoja ulimshika mkono wa shati.

Shehata alisimama. Rifaat, mlangoni, alimwona akivitazama vile vidole kama mtu anavyomtazama jamaa aliyekutana naye kwenye stendi ya mabasi. Kisha akavifumbua kwa mkono wake wa kushoto: cha shahada, cha kati, na cha pete mwisho, kwa kuwa kilikaza zaidi. Akavizungushia blanketi visipate baridi njiani.

"Haraka, Shehata!" Haji aliita. "Au unataka nawe tukupakie?"

Wapagazi wakacheka. Shehata alifunga kamba kwa meno na mkono mmoja, akaupiga ubavu wa lori, dereva akaondoka. Akakung'uta vumbi kwenye suruali, akamwendea Haji.

"Kesho zipo nyingine, Haji?"

"Zipo," alisema Haji Mitwalli. "Mungu akipenda, zipo mpaka Idi."