Mwezi wa Kumi na Tano

Mzee Stanslaus wa Nyamuswa alikuwaga na mwezi wake peke yake, ambao watu wengine hawana. Ulikuwa nyuma ya kadi yake ya zahanati, ile aliyopewa alipozaliwa, kadi ya rangi ya chai ya maziwa, imekunjwa mpaka inataka kuachana katikati. Mbele imeandikwa 8/4/1953, ndiyo kuzaliwa. Nyuma, pale alipopimwa uzito mara ya kwanza, imeandikwa 8/15/1953.

Wa kwanza kumsomea alikuwa katekista, mzee Amos, Stanslaus mwenyewe bado anachunga.

"Ulizaliwa tarehe nane, mwezi wa nne. Ukapimwa tarehe nane, mwezi wa kumi na..." Amos akaisogeza kadi juani, akairudisha kivulini. "Kumi na tano. Basi huyu nesi alikuwa amechoka."

Stanslaus yeye hakuona kama nesi alichoka. Aliuchukua ule mwezi akaenda nao machungani. Ng'ombe wanakula, yeye amelala chali anawaza: ukimaliza Desemba si lazima urudi Januari. Anayeijua njia ananyoosha tu. Anaupita wa kumi na tatu, anaupita wa kumi na nne, hao ni kama vijiji visivyo na watu, halafu anafika. Huko mvua inanyesha bila mawingu. Mbuzi wote waliowahi kupotea wako huko, wamenenepa, hata sauti zimewakauka kwa raha. Na huko ndiko anakaa yule mama wa kitambaa cha bluu.

Sasa huyo mama ndiye habari yenyewe. Ghati, mama yake Stanslaus, alimzaa kwenye zahanati ya wamisheni, njia ya kwenda Butiama, siku hizi umebaki msingi tu na michongoma. Maziwa yakakataa kutoka. Mtoto analia, siku inakwenda. Kitanda cha pili alilala mwanamke msafiri, Mwislamu, kichwani kitambaa cha bluu, amejifungua asubuhi ya siku hiyohiyo. Hakuuliza jina, hakuuliza kabila. Akanyoosha mikono, akasema, "Mlete." Akamnyonyesha Stanslaus pamoja na wa kwake, huyu huku, huyu huku, siku mbili, mpaka maziwa ya Ghati yakashuka. Siku ya tatu mume wake akaja, wakaondoka. Ghati alikuwa amesinzia. Kuamka, kitanda kitupu.

Ghati kabla hajafa alimshika mwanaye mkono. "Yule mama sikumwambia asante. Mtafute mtoto wake, mlizaliwa siku moja. Usife na wewe hujasema."

Ndipo Stanslaus akawa mtu wa kuuliza. Mnadani anauliza, kanisani anauliza, msibani akishakaa kidogo anauliza: "Samahani, wewe ulizaliwa lini?" Akipata mtu wa mwezi wa nne, moyo unaruka. Tarehe ishirini. Tarehe mbili. Tarehe nane hakupata hata mmoja. Miaka ikaenda hivyo, nywele zikaenda, na yeye akaanza kulala mapema akiogopa kwamba atakufa na ile asante mdomoni.

Aliyemsaidia sana kutafuta alikuwa Jumanne mwenye masikio makubwa, fundi cherehani wa Iringo, pale Musoma mjini. Hawa walikutana kiwandani, kwenye nguo, wakiwa vijana. Walipewa mashine moja na kiti kimoja, msimamizi akasema, "Mkubwa akae." Kila mmoja akasema mkubwa ni yeye. Kesho yake wakaja na kadi. Kumbe zahanati ni ileile moja! Jumanne, mama yake alishikwa na uchungu wakiwa safarini kutoka Bunda. Kadi yake imeandikwa 4/8/1953. Tarehe nne, mwezi wa nane. Ya Stanslaus, tarehe nane, mwezi wa nne.

"Miezi minne," Stanslaus akasema, akakaa. "Nisalimie vizuri."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

Ikawa ndiyo salamu yao. Zaidi ya miaka arobaini Jumanne anaamkia, Stanslaus anaitikia kwa kuivuta, marahabaaa, mpaka wateja wanacheka. Na kazi ya kutafuta Jumanne aliichukua kama yake. Akimpima mtu suruali, futi iko kiunoni, anauliza, "Na umezaliwa lini?" Watu walidhani ndiyo namna yake ya kukata kitambaa.

Basi juzi juzi hapa, binti yake Stanslaus, anaitwa Wegesa, akataka kumwandikisha baba yake bima. Wakasema lete cheti cha kuzaliwa. Mzee akaifunga kadi kwenye nailoni, akaenda Bunda, ofisi ya kuandikisha vizazi.

Pale mezani alikuwa msichana anaitwa Ikhlas, mpole, ana kompyuta na kikombe cha chai kilichopoa. Akaipokea kadi kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kifaranga. Akaandika ya mbele. Akageuza nyuma. Akacheka, halafu akaona haya.

"Babu, huu mwezi wa kumi na tano uko wapi?"

"Mbali," mzee akasema. "Unapita Desemba."

"Hapana, babu, subiri." Akaiweka kadi katikati yao. "Hii aliandika nani?"

"Nesi Mmarekani. Mama alinisimuliaga, mrefu, anaimba akiosha vyombo."

"Basi nesi hakukosea. Wamarekani wanaanza na mwezi, ndio tarehe inafuata. Hii nane ndiyo mwezi, kumi na tano ndiyo tarehe. Alikupima tarehe kumi na tano, Agosti. Na mbele hapa mkono ni huohuo, kalamu hiyohiyo. Mwezi wa nane, tarehe nne. Babu, wewe umezaliwa tarehe nne, mwezi wa nane."

Mzee akaangalia kikombe cha chai. Utando wa juu ulikuwa umetulia.

"Kwa nini wanafanya hivyo?" akauliza.

"Wanaandika wanavyoongea. Kwao mtu anasema, Agosti nne. Sisi tunasema tarehe nne mwezi wa nane, na Waingereza waliotufundisha kuandika walianza na tarehe pia. Wachina wanaanza na mwaka kabisa."

"Na huyu?" Mzee sauti ilimpungua. "Mtu ameandikiwa nne, halafu nane, zahanati hiyohiyo."

"Huyo ameandikiwa na mwenyeji. Labda nesi hakuwepo."

"Nesi alifika mchana," mzee akasema. "Mama alisema. Asubuhi alikuwepo dresa tu, yule wa kufunga vidonda, mtu wa hapahapa." Akaisogelea kompyuta. "Mjukuu wangu, hiyo mashine yako inajua siku za zamani? Hiyo tarehe nne ilikuwa siku gani ya wiki?"

Ikhlas akabonyeza. "Ilikuwa Jumanne."

"Na ile nane ya mwezi wa nne?"

"Jumatano. Babu, unalia?"

"Hapana," mzee akasema, na machozi yanaingia kwenye ndevu. "Andika tu."

Akatoka pale, nyumbani hakwenda. Akapanda basi la Musoma, akakaa dirishani. Jua lilikuwa la saa nane, lile linalofanya barabara kama ina maji mbele, unayafukuzia na hayafikiki. Mzee akawa kama yuko usingizini na macho wazi. Akawaza habari ya Mmarekani na Mchina. Akaona si ujinga, ni namna ya kubisha hodi. Kwao zamani, ukifika ugenini unaulizwa kwanza ukoo, halafu baba yako, jina lako mwisho, hata wakilisahau si kitu. Huyo ndiye Mchina. Mjini wanataka jina kwanza, ukoo baadaye kama kuna nafasi. Hao ndio sisi. Na Mmarekani yeye anauliza baba yako nani, halafu wewe nani, ukoo mtauzungumza mkiwa mnaagana mlangoni. Wote wanamtafuta mtu mmoja, nyumba moja. Lakini ukimpa Mchina njia ya Mmarekani, atazunguka kijiji mpaka jioni.

Na yeye amezunguka miaka yote hiyo.

Wakapita njia panda ya Butiama. Mawe makubwa yamebebana juu ya vilima, nyasi zimelala kwa upepo, na mzee akauona mwezi wa kumi na tano ukipita pale dirishani, na mbuzi wake, na mvua yake isiyo na mawingu. Mbuzi hawakumwangalia, walikuwa wameshiba. Katikati yao mwanamke wa kitambaa cha bluu amekaa, watoto wawili mapajani, huyu huku, huyu huku. Safari hii wa pili alimtambua. Alikuwa na masikio makubwa vilevile.

Iringo alifika jua limelegea. Jumanne yuko barazani, mguu kwenye cherehani, miwani imeshuka puani.

"Kaka huyo! Hata simu hupigi? Shikamoo!"

Stanslaus akasimama. Hakuitikia.

Cherehani ikanyamaza. "Nimesema shikamoo. Mbona huitikii? Kuna msiba?"

"Jumanne, wewe ulizaliwa siku gani?"

"Huyu mzee sasa ameanza kuniuliza mimi. Mama yangu aliniita Jumanne, unadhani nilizaliwa Ijumaa?"

"Na mama yako, Bi Tabu, kichwani alikuwa anafungaga nini?"

Jumanne akavua miwani. "Kitambaa. Cha bluu. Alikuwa nacho mpaka kikabaki nyuzi. Kwa nini?"

Stanslaus akatoa kadi kwenye nailoni, akaiweka juu ya kitambaa cha watu, akamweleza yote, Mmarekani na mwezi wake, dresa na tarehe yake, kitanda cha pili, siku mbili. Jumanne akasikiliza mdomo wazi. Akafuata namba kwa kidole, mbele, nyuma, mbele.

Kisha akaanza kucheka pole pole, mabega yanatikisika.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Mimi nikiwa mtoto nikila kwa pupa, mama alikuwa ananiambiaga, wewe unakula kama mtu aliyegawana siku ya kwanza. Nilimuuliza niligawana na nani? Anacheka tu. Anasema, sijui alikuwa wa nani, alikuwa na kelele."

Stanslaus akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Akainama mbele ya cherehani, mzee mzima, akashika magoti yake mwenyewe.

"Mama yangu alinituma. Amesema asante. Amesema alisinzia, samahani." Akavuta pumzi. "Na shikamoo. Wewe uliniwahi, ulikuwepo toka asubuhi."

Barabarani bodaboda zinapita, mtu anauza samaki, anaita. Jumanne aliinuka, akamshika mwenzake mabega, akamkalisha kwenye kiti, kile kimoja kilichopo.

"Kwetu sisi," akasema, "aliyenyonya kwa mama yangu ni ndugu yangu, hana mjadala. Asante nimeipokea, kaburini kwake nitaipeleka Ijumaa, twende wote." Akajifuta macho kwa kipande cha bitana. "Marahaba. Rudia tena, nilikuwa sijajiandaa."

"Shikamoo."

"Marahabaaa, mdogo wangu."

Akavuta ile futi yake shingoni, akamzungushia Stanslaus kifuani kama mteja, kanzu au shati hakusema.

"Na umezaliwa lini?"

"Siku yako," Stanslaus akasema. "Mchana, wewe ukiwa umeshashiba."

"Mwongo," akasema Jumanne, akiwa bado ameshikilia ncha mbili za futi. "Nilishiba lini, na wewe ulikuwepo?"