Urithi wa Sindano

Wateja walimwita Sindano, wala si kwa ushonaji wake tu. Hata ulimi wake ulichoma. Mumewe, seremala mpole kama maji ya mtungini, aliuvumilia ulimi huo. Lakini siku aliporushiwa pasi ya moto kwa kosa la kuchelewa kula, ikamkosa sikio chupuchupu, alichoka. Akaenda naye kwa wakwe zake wakasuluhishwe.

Baba mkwe alikuwa amezeeka, sauti imelainika. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Binti yangu, ndoa haiendi hivyo. Sijui hasira hizi umezitoa wapi."

Damu ilimpanda Sindano kichwani. Mzee huyuhuyu ndiye aliyempiga mama kwa mkanda mbele ya watoto, kisa chumvi. Ndiye aliyemfanya Sindano, angali mtoto, ajue, kwa mlio wa funguo mlangoni tu, kama leo ni siku ya kujificha uvunguni.

"Nimezitoa humu humu," alisema. "Mama alikuwa na jino hapa mbele. Muulize liko wapi."

Mama aliinamisha macho, akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. "Mwanangu, yaliyopita si ndwele."

"Ni ndwele, mama. Na mgonjwa ni mimi."

"Nilikuwa nafundisha adabu," mzee alisema.

"Basi mwanafunzi wako amefuzu, baba. Mtazame mkweo anavyoshtuka nikinyanyua mkono."

Seremala akaomba ruhusa waondoke.

Njiani alijaribu kumshika mkewe bega. Sindano akaupiga mkono ule. "Usiniguse."

Seremala alisimama. "Mke wangu, sasa najua hasira zako zilikotoka. Lakini si mimi niliyekupa."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Sindano: "Mjinga mkubwa wewe." Maneno ya baba, hata lafudhi ni yake. Akayameza, yakamkwaruza koo kama mwiba wa samaki. Hajawahi kumchukia mzee yule kama saa ile.

Seremala alihamia kwa kaka yake. Sindano akabaki akiwafokea wateja na kufumua kola alizozishona upogo. Wiki ilipokwisha alimfuata karakanani.

"Nisamehe," alisema, na safari hii hakuongeza "lakini".

Mumewe alipiga randa, kisha akamvutia kigoda. Kabla hajamkaribisha, aliisogeza mbali nyundo iliyokuwa karibu. Sindano aliona. Ilimuuma, akaketi.