Filamu ya Wawili Wasioonana

Yahaya alipotaka kunionyesha kava la kwanza nikamwambia alirudishe. Nikageuza kigoda, nikaipa televisheni yake mgongo, nikafumba macho.

"Weka tu," nikasema. "Mimi nasikiliza."

Yahaya ni kijana wa Kigoma, anauza CD za filamu pale Tunduma, karibu na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Wateja wa kila namna anawajua, wakiwemo madereva wanaotaka za kupigana tu. Lakini bibi wa kuchagua filamu kwa kufumba macho, huyo alikuwa hajampata. Akaniuliza kwa upole kama macho yananisumbua. Nikamwambia macho yangu yanaona mpaka sisimizi, shida iko nyumbani.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega, bibi."

"Wawili wanakula chungu kimoja. Mmoja hatakiwi kumwona mwenzake, wala kuketi naye. Na wote washibe."

Akakuna kidevu. Akasema mmoja ni mgonjwa, nikakataa. Akasema ni mchana na usiku. Hilo nililipenda, lakini nalo nikalikataa. Nikamwambia anipe mji. Akanipa Kigoma yote pamoja na ziwa lake, basi nikamfungulia.

Kwetu ni Ikinga, huko Ileje. Sisi Wandali, mke wa mwanao haketi chumba kimoja na baba mkwe wake. Wakikutana njiani mwanamke anapisha pembeni na kuinamisha uso. Hawasemeshani. Si ugomvi, ni heshima, na mimi mwenyewe niliishi hivyo na baba mkwe wangu mpaka tukamzika. Ila mkamwana wangu, Edina, ni binti wa mzee Ngassa, Wasukuma wenye ng'ombe kule Kamsamba. Kwao heshima ipo tele, lakini amekulia nyumba ambayo jioni watu husimuliana mpaka moto uzimike. Kwetu alipoelezwa mwiko aliushika vizuri kuliko hata mabinti zangu.

Mwanangu Sunday, mumewe, ni dereva wa lori. Akishavuka mpaka harudi upesi. Ndiyo akanunua televisheni, deki na sabufa ya kutolea sauti ili mkewe asichoke na upweke, akavifunga sebuleni. Na sebuleni ndipo anaposhinda mzee wangu Yonasi, tangu goti lilipomkatalia kwenda shamba. Basi televisheni ikawa ya mzee, na Edina akabaki jikoni akitazama pazia la mlango wa sebuleni.

Juzi tulikuwa tunachambua maharage, akaniambia taratibu kwamba Jumatatu atapanda gari arudi kwao. Nilimwuliza nimemkosea nini.

"Wewe hujanikosea kitu, mama. Nyumba hii ndiyo imenyamaza mno."

Sikulala vizuri. Nikawaza: je, hakuna filamu ambayo mmoja aitazame na mwingine aisikie, na wote waipate?

Yahaya alicheka, kisha akaacha kucheka akaanza kutafuta. Ya kwanza ilikuwa mateke na mayowe. Nikamwuliza nani anampiga nani, akasema geuka uone. Nikamwambia hapo ndipo tunaposhindwa. Ya pili ya Kihindi. Wimbo wake mtamu, mpaka bega langu likacheza, lakini ulipokwisha sikujua kama wameoana au wamezika mtu. Akaleta zile zilizotafsiriwa, zile ambazo mtu anasimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya wenyewe. Huyo wa kwanza alikuwa na matusi mengi, na mbele ya mkwe tusi ni kama kumvua mtu nguo. Nikasema toa.

Akaweka nyingine. Msimulizi wa hiyo sauti yake ilikuwa ya kutulia, kama mtu anayemenya chungwa. Mwanamke anauza samaki. Dada yake amechukuliwa na mfalme, na hajulikani kama yu hai. Mwanamke anafika chini ya ukuta wa jumba, anatazama juu…

"Bibi," Yahaya akasema, "umegeuka."

Kweli nilikuwa nimegeuka, macho wazi.

"Ndiyo maana naichukua," nikamjibu.

Jumapili, tulipotoka kanisani na kula, nikamkalisha mzee kwenye kiti chake. Edina nikampa kigoda jikoni, karibu kabisa na pazia. Mimi nikakaa mlangoni, mguu mmoja huku, mwingine kule.

Ilianza vizuri. Msimulizi anasema, mzee anatikisa kichwa, na jikoni kisu kikakoma kukata mboga. Tukafika ukutani. Hapo sabufa ikakohoa, ikanyamaza. Nikabonyeza kila kilichobonyezeka, nikatikisa waya, wapi. Picha inatembea, sauti hakuna. Anayejua mambo hayo ni Sunday, na Sunday alikuwa Ndola, huko Zambia.

Jikoni nilimsikia Edina anashusha pumzi. Kisu kikaanza tena. Nikasema moyoni, ndiyo basi.

"Mama Sunday," mzee akaniita, "mwanamke anapanda ukuta."

Nikamwambia naona. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, uso wake umeelekea pazia. "Anapanda ukuta! Kikapu cha samaki amekiacha chini. Mbwa amekuja. Anamnusa. Habweki, amekula samaki."

Kisu kikanyamaza.

Mzee huyu nimekaa naye miaka mingi na sikujua kama anaweza kusimulia. Wale askari wa mfalme yeye aliwaita wenye mapanga ya kung'aa, jumba akaliita boma, na kila chakula kilichopita alikitaja, hata alicholetewa yule dada aliyefungiwa ndani. Baada ya muda sauti ndogo ikatoka jikoni, "Mama, kwani huyo dada amevaa nini?"

"Anauliza amevaa nini," nikamwambia mzee, kana kwamba hakusikia.

"Mwambie nguo nyekundu, na amekonda."

"Anasema nyekundu, na amekonda."

Tukaenda hivyo, mimi nikiwa daraja, maswali yanapita juu yangu kwenda na kurudi. Edina alitaka kujua kama mfalme ana wake wengine. Alitaka kujua kama yule mbwa amefuata. Halafu jirani yangu Fides akapiga kelele kwamba mbuzi wetu ameingia kwenye maharage yake, nikatoka mbio.

Nilipomfunga mbuzi na kurudi, nilipita chini ya dirisha, nikasikia kimya. Mzee alikuwa ameacha kusimulia. Hakuwa na wa kumsimulia, mimi sipo, na mkwe haambiwi. Nikainua mguu niingie.

"We jiko," Edina akasema mle ndani, "mbona umenyamaza? Mwanamke amefika mlangoni kwa dada yake. Mlango umefunguka au haujafunguka?"

Nikabaki hapo hapo. Mzee alikohoa. Akakohoa tena.

"Wewe televisheni," akasema, "liambie jiko mlango umefunguka. Wamekumbatiana. Sasa wenye mapanga wanakuja, na hawa wawili wanalia tu, hawakimbii."

"Jiko, waambie wapite dirishani!"

"Televisheni, dirisha lina nondo."

Nikaketi kwenye tofali chini ya dirisha. Filamu yenyewe sikuiona mwisho wake, mpaka leo sijui walitokaje. Sikuingia. Mwiko haukuvunjwa na nyumba ilikuwa inasema, na mimi ningeingia kufanya nini?

Asubuhi ya Jumatatu niliamka mapema, nikamchemshia Edina viazi vya safari, maana gari hupita kabla jua halijawa kali. Akaja jikoni amevaa kitenge cha shambani. Nikamwuliza kama amefunga mizigo.

"Gari acha lipite, mama," akasema, akachukua kiazi kimoja. "CD ile ina filamu nyingine ndani. Jiko limesema itawekwa leo mchana."