Lupini za Siku ya Pili

Usiku wa jana niliota nimekaa ndani ya beseni la bluu la marehemu mke wangu, maji yamenifika kidevuni, pamoja na kilo mbili za lupini.

Lupini ni jamii ya maharage, punje bapa nyeupe kama vifungo vya koti. Bibi shamba Eskalina ndiye aliyetuletea mbegu huku kwetu, kwenye mfuko wenye mhuri. Wakubwa wakikuletea balaa hawasahau mhuri. Ni chungu kama shubiri: unachemsha, halafu unaloweka siku saba, unabadilisha maji asubuhi na jioni. Mke wangu, Mama Tumwitike, hakuwahi kuruka hata jioni moja.

Siku ya kuweka msalaba kaburini kwake nilizipika mwenyewe. Kwaya nzima ikatapika. Nikasema bibi shamba katuletea sumu. Mwenyekiti wa kijiji akaandika karatasi ya kutaka bibi shamba aondolewe, na dole gumba la kwanza pale chini ni langu. Inasomwa leo mkutanoni, saa nne asubuhi.

Basi nimo ndani ya beseni. Punje moja nene inanisogelea.

"Shikamoo, Baba Tumwitike. Hii siku ya ngapi?"

"Marahaba. Ya saba."

Inanionja bega, inatema. "Ya pili," inawaambia wenzake.

Nikaanza kueleza habari za bomba la maji, jinsi lilivyo mbali, jinsi wakubwa walivyoahidi kulisogeza. Kila nikitaja mkubwa mmoja maji yanazidi kuwa ya njano. Beseni likainuliwa, nikamwagwa.

Nikaangukia shambani kwangu, katikati ya mkutano. Umeletwa huku kwa sababu shahidi ni mche wa lupini, na Eskalina alitufundisha kwamba mche huo hauhamishwi. Mzizi wake unashuka moja kwa moja, ukiung'oa umeuua. Kwa hiyo ofisi ya kijiji ndiyo iliyong'olewa, ikapandwa kwenye tuta, meza na kabati na mwenyekiti. Mwenyekiti anamwagiliwa. Namwambia nimempigia kura mara tatu na hajachipua. Anasema tatizo ni udongo.

Eskalina yuko mwisho wa tuta. Sanduku lake limefungwa kamba, kuku wake kafungwa miguu.

"Shikamoo, baba," ananiambia.

Afadhali angenitukana.

Mche ukanikabidhi msasa, maana mbegu yenye ganda gumu husuguliwa ndipo iote. Nikajisugua uso mbele ya kijiji kizima. Kwaya wakasimama nyuma yangu, kila mmoja na ndoo yake ya kutapikia, wakiniangalia kwa heshima.

Kisha akaja Mama Tumwitike, debe la maji kichwani, kitenge kile kile tulichomzika nacho. Haniangalii. Anatua debe, anashika beseni.

"Baba Tumwitike, ulibadilisha maji mara ngapi?"

"Unajua, hawa viongozi..."

"Viongozi sijawauliza."

"Mara mbili."

"Halafu?"

Natazama chini. Punje zote zimegeuka upande wangu. Nikasema lile ambalo sijamwambia mtu: kwamba siku ile ya kwanza wanawake bombani waliniona na ndoo wakacheka, wakasema karibu mke mwenzetu, panga foleni. Jioni wakacheka tena. Sikurudi. Nilikaa ndani na beseni siku tano, na siku ya wageni nikatia chumvi nyingi.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikuwa anaandika, kalamu ikamkauka mkononi.

"Mimi nilipanga foleni ile miaka ishirini na sita," mke wangu akasema, akanirudisha ndani ya beseni, akanimwagia maji. Akamwaga. Akanimwagia tena. Nilihesabu mara kumi na nne. Eskalina alishika upande wa pili wa beseni kumsaidia, na kuku wake akasubiri.

Punje nene ikanionja tena. Ikatafuna muda mrefu. Sikusikia ilisema nini, kwani jogoo wa jirani aliwika nikaamka.

Beseni liko nyuma ya mlango, kavu, pale pale lilipokuwa. Mimi ni mkavu pia. Ila dole gumba langu, lenye wino wa mhuri tangu Jumanne, wino ulioshinda sabuni na majivu, ni safi. Tena limejikunyata, jeupe, kama la mtu aliyeloweka mkono wiki nzima. Lile moja tu.

Nimelilamba. Bado chungu kidogo.

Ni saa tatu na nusu. Navaa koti, niwahi mkutanoni kabla hawajaisoma ile karatasi.