Biti bya Kilio mu Ndeke ya Chini

Ile siku ya esayi, siku ya kujaribu treni, Kolwezi muzima ilikuwa inasema paka Ndeke ya Chini tu. Unapita ku soko ya Manika, banasema Ndeke ya Chini. Unapanda pikipiki, shofere anakugeukia bila kuangaria njia: "Yaya, kumbe itatembea kweli?" Ilikuwa treni ya zamani sana ya kubeba bantu, ilifanyiwa ku Ulaya, haikuwa na moteri ya dizeli sawa zingine. Iko na turbini sawa ya elikopta: inavuta upepo, inachoma petroli, inalia mpaka meno yako inatetemeka mu kinywa. Iliingilia ku Dilolo, vago, ile behewa yake ya bantu, kutu tupu, na kwa mwaka muzima bantu ya atelye, ile karakana ya treni, balikuwa banaitengeneza: turbini, nsinga ya umeme, freni ya kusimamisha, madirisha, biti bya kuikalia.

Abigaëlle njo alikuwa mukubwa wa biti na freni. Diplome yake mupya kabisa, kinywa yake haipumzikake. Ile asubui alikuwa anacheka na kila muntu, lakini kila saa alikuwa anarudia kuangaria freni. Sababu Tata Mukalay, inspektere wa kutoka Lubumbashi, alisema mbele ya bote:

"Tutakimbiza treni wazi, bila bantu ndani, tutafinya freni, na itasimama mbele ya ile bendera, drapo nyekundu. Kama inapita drapo, tunaikata, tunauza fero yake, chuma tupu. Njo basi."

Kufa kwa treni, kufa kwa atelye. Na ile ilikuwa kazi ya kwanza ya Abigaëlle.

Sasa, kuko kitu kimoya chenye hakuambia muntu. Biti bya treni, wakati bilitoshwa inje na kuvalishwa nguo mupya, yeye alibiazimisha ku kilio, ku matanga! Jirani yake Mama Mbombo alifiwa na bwana yake, Tata Badibanga, na biti byote bya plastiki mu kartye, mu mutaa wabo, bilikuwa ku ndoa. Abigaëlle alisikia huruma, alibeba biti bya treni na kamionete. Batata baliikala muzuri sana, bengine balisinzia. Kisha habari ikafika: inspektere anakuya mbele ya siku yake. Abigaëlle alirudia mbio ku kilio, kilio yenyewe haiyaisha, akapiga mikono:

"Batata, mutanisamehe! Simameni kidogo, ninatwala biti!"

Balisimama. Bengine balicheka: "Eh, masomo hii! Inafukuza hata bantu ku kilio!" Ni Mama Mbombo tu hakucheka.

"Mwanangu," alisema, "ku kilio hatuikalake paka sisi tu. Bakubwa bale balitutangulia kufa banakuyaka kumupokea mwenzabo, banaikala na sisi. Siku ya mwisho njo tunabaaga. Weye umesimamisha benye unaona. Na bengine?"

"Mama, nitakuya kukusalimia, kweli!" alijibu, moteri ya kamionete ikiwaka tayari.

Basi, esayi. Mashinisti, mwenye kuendesha treni, alikuwa Tata Kazadi, muzee wa mikono polepole. Mu vago kulikuwa paka Abigaëlle na Gradi, fundi wa umeme, kijana wa mizaha. Turbini ilianza kupiga mulunzi, ikapandisha sauti, ikalia. Balipita pembeni ya mugodi wa Musonoi, bachimbaji balisimama juu ya bulongo banapunga mikono, Gradi anabapungia sawa prezida.

"Freni!" Tata Kazadi alisema mu telefone.

Abigaëlle akafinya freni, ikakamata. Treni haikusikia. Iliteleza, iliteleza, ikapita drapo sawa vile haiyaiona.

"Abi!" Tata Kazadi alilalamika. "Umejaza nini mule ndani? Inanisukuma sawa treni ya siku ya Noeli!"

"Iko wazi, Tata," Gradi alijibu. "Paka sisi na inzi."

Abigaëlle akageuka kuangaria vago.

Biti. Mu madirisha jua ilikuwa inawaka kabisa, hakuna kivuli cha kudanganya macho. Mito ya biti, mupya na minene, yeye mwenyewe aliichagua, na yote ilikuwa imefinywa chini. Kiti kwa kiti, sawa bantu bameikala. Aliweka mukono ku kimoya. Baridi. Na kitu kikasogea kidogo, polepole, sawa muntu mwenye adabu anakupatia nafasi.

Akatosha mukono mbio.

Inje Tata Mukalay alionyesha kidole kimoya. "Mara ingine. Ya mwisho."

Treni ikarudia nyuma. Abigaëlle akapiga telefone.

"Mama Mbombo, bale bakubwa beko huku. Beko mu treni."

"Ninajua," Mama alijibu, bila kushangaa. "Huku kwangu nyumba ilibaki tupu tangu ile siku."

"Kuya ubaage, Mama, ninakulomba! Inspektere hatangoya!"

"Mi? Si weye ulibatosha ku kilio? Muntu mwenye anasimamisha bageni njo anabasindikiza."

Turbini ilikuwa imeanza tena mulunzi. Abigaëlle alisimama katikati ya vago, akaunganisha mikono.

"Batata. Bamama. Kilio imeisha. Aksanti kwa kuikala na sisi. Tuende, nitabasindikiza."

Muto wa kiti cha mbele ukapanda: fuuu. Kisha wa nyuma yake. Kisha yote, moya moya, sawa muntu anavuta pumzi. Vago muzima ikainuka juu ya risoro, zile springi zake. Gradi akarudia nyuma mpaka ku mulango.

"Fungula mulango," Abigaëlle alimuambia.

"Abi, freni ni yako, unaenda wapi?"

"Fungula, kaka yangu. Freni utaifinya weye."

Akashuka ku mawe ya njia ya treni, akaingia mu majani. Nyuma yake Ndeke ya Chini ikalia, ikakimbia, ikapotea mu vumbi. Alitembea. Akasikia freni inalia mbali, kisha kimya, kisha firimbi na makelele. Telefone ikaita. Ilikuwa Gradi.

"Abi! Imesimama mbele ya drapo! Muzuri kabisa! Muzee Mukalay anapiga mikono sawa mutoto! Rudia mbio, tunakungoya!"

Machozi ya furaha ilimutoka, akacheka peke yake. Treni imepona. Akageuka ili arudie.

Nyuma yake majani ilikuwa imelala chini, njia pana, na hakuna upepo. Alipopiga hatua moya kurudia, hakupata nafasi ya kupita. Majani ilibaki imefinywa mbele yake, sawa bantu benye banasimama juu yake, banangoya.

Kwetu, ukisindikiza mugeni, haurudie kwa mapenzi yako. Mugeni njo anasemaka: inatosha, rudia sasa.

Akangoya bamuambie. Hakuna mwenye alimuambia arudie. Basi Abigaëlle akafunga telefone, akageukia kule bakubwa balikuwa banaenda, akaendelea kutembea.