Popote ila kwa Rayan

"Rayan ana nini mie sina?"

"Ana wateja, bosi."

Vuai aliipokea kauli ile kama kofi. Julius, mpishi wake Mkenya, hata macho hakuinua. Alikuwa anamimina unga wa mchele kwenye sufuria, mikate ya kumimina ya jioni. Na kweli, ng'ambo ya barabara, hapo hapo Al-Safa, magari yalishajipanga mbele ya mgahawa wa Rayan, mtoto wa ami yake. Vuai huyahesabu kila siku. Leo kumi na moja. Mbele ya mgahawa wake limesimama moja, nalo lake mwenyewe.

"Wateja kanipokonya mimi!"

"Rayan ananiongezea riyali mia tano kwa mwezi. We niachilie tu, nihamishe ikama, kibali changu cha kuishi huku, iwe chini yake."

"Mia tano! Hali huioni? Ada za wafanyakazi zimepanda, petroli imepanda, kila kitu kimetiwa kodi. Watu wanarudi kwao, wa kula nani? N'takulipa mchanga?"

"Na yeye si analipa hizo hizo?"

Hapo ndipo palipomchoma. Rayan analipa ada zile zile, unga ananunua duka lile lile, na bado mwezi uliopita kabadilisha kibao, katia na taa. Sasa anautaka na mkono aliofunza marehemu Bi Kijakazi, mamake Vuai, aliyemsimamia Julius jikoni miezi mizima mpaka mkate ukakubali kuumuka.

"Elfu mbili," Vuai akaropoka. "N'takupa elfu mbili mkononi, mara nne ya zake. Nenda popote ila kwa Rayan!"

Julius akauweka upawa chini.

"Ramadhani mbili nimekuomba uniongezee mia. Mia moja tu, niezeke nyumba ya mamangu. Ukaniambia mafi fulusi, hakuna pesa. Leo zimetoka wapi?"

Macho ya Vuai yakamponyoka, yakavuka barabara mpaka kwa Rayan.

"Nimeelewa," Julius akasema. "Sitaki zako, sitaki zake. Mkataba unaisha Alhamisi. Nikatie tiketi nirudi Kitale."

Wallahi, moyo wa Vuai ulitua kama mtu aliyetuliwa gunia. Ijumaa atapika nani, hilo halikumpitia kabisa.

"Haya, halas, yamekwisha! Basi hata yeye hakupati!"

Julius akamtazama usoni, akamwona anavyocheka. Akafungua aproni, akaitupa juu ya meza, akaiacha mikate ya jioni sufuriani, akaenda zake.