Kamba Juu ya Mstari Mweupe

Mpiga pasi alipofungua dirisha asubuhi, kamba ya nguo ilikuwa imeshajaa mashati mabichi yaliyofuliwa na dada yake, dobi wa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Ndivyo walivyofanya kazi tangu kabla ya vita. Dada anafua, maana bomba la maji liko kwake, kisha anaisukuma kamba kwenye roda zake, vile vigurudumu vya madirishani, taratibu, hata nguo zikimaliza kuvuka barabara zimekauka. Mdogo, mwenye mkaa, anazinyoosha.

Vita vya dunia viliisha. Wakubwa wawili walioshinda pamoja wakaja kuilinda nchi hii ndogo, kila mmoja akiilinda dhidi ya mwenzake. Wakachora mstari mweupe katikati ya barabara, wakasimamisha askari huku na huku. Mashati ya askari wa pande zote mbili yalifuliwa katika beseni moja, na hayakuwahi kugombana.

Siku hiyo akaingia karani wa mtaa na mkasi wa kukatia nyaya.

"Shangazi, kamba hii inatoka leo."

"Inatoka inakwenda wapi?"

"Amri ya wakubwa. Mashati ya wale yanapita kwenye anga letu."

"Anga lenu? Wewe hata paa la kwako linavuja."

"Muulize tutakula nini," dobi alidakia kutoka dirisha la pili. "Na hiyo suruali yake ya kujishaua atanyooshewa na nani?"

Karani hakucheka. Alishusha sauti. "Nisipokata mimi watakuja wao, shangazi. Na wao hawaanzi na kamba."

"Basi ngoja tuvute nguo."

Karani hakungoja, akaikata. Mashati yakaanguka barabarani, moja likalala juu ya mstari, mkono mmoja umevuka. Askari wa huku akainua bunduki. Wa kule naye akainua. Kuliokota ni kuvuka, na kuvuka ni vita. Basi wakabaki wanalilenga shati, vijana wa watu, jasho linawatoka. Karani alikuwa ameshayeyuka.

Mlango wa ng'ambo ukafunguka. Dobi akatoka na beseni kiunoni, akaenda moja kwa moja kwenye mstari. Bunduki zikaliacha shati, zikamgeukia yeye.

"Dada, rudi ndani," mpiga pasi aliita.

"Nguo za watu hizi. Zikipotea, nani atatupa kazi tena?"

Mpiga pasi aliondoka dirishani. Kisha akavaa kandambili, akashuka ngazi kwenda kumshikia beseni upande wa pili.